Figo ya Dada

Machi 9

Mvua imeanza leo, na kabla haijakolea bati la karakana likaanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya sponji mpya. Fundi wa bati alituapia kwamba pameziba. Nimehamisha sponji, nimeweka ndoo, nimemsema fundi wa bati peke yangu mpaka nikaridhika, ndipo nikakaa kuandika. Kila masika naahidi kuandika na kila masika naishia siku ya pili. Safari hii tuone.

Nianze na utambulisho, maana hata daftari lina haki ya kujua linaongea na nani. Mimi ni fundi wa makochi. Mdogo wangu ni fundi wa fremu. Yeye anaunda mifupa, mimi naivalisha. Karakana ni yetu wawili, mlango mmoja, yeye na randa yake upande wa kulia, mimi na cherehani upande wa kushoto. Wateja wanasema tunagombana mno. Hawajui kwamba tukinyamaza ndipo waanze kuogopa.

Wazazi walituacha yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nimemlea, na mtu uliyemlea hakui machoni pako. Mwaka jana nikampa figo yangu ya kushoto. Zake mbili zilikufa kwa presha ambayo hakuwahi kuipima kwa sababu, nanukuu maneno yake, haikuwa inamuuma. Tangu hapo ana sheria moja tu maishani: zile dawa za kuuzuia mwili wake usiikatae figo ya mtu mwingine anazimeza asubuhi na jioni, haruki. Kila asubuhi akiingia namrukia kutoka kwenye cherehani, "Umemeza?" Naye anapiga saluti, penseli iko sikioni, "Nimemeza, afande." Hapo ndipo kazi inaanza.

Machi 10

Mvua. Gundi haishiki.

Machi 14

Famasia ya hospitali imempa mdogo wangu dawa za ziada, kwa sababu mvua zikizidi barabara ya darajani hufungwa na watu wa kliniki hukwama. Nimeamua nusu zikae nyumbani kwake na nusu zikae karakana, kwenye kopo la vifungo juu ya rafu ya nyuzi. Wifi yangu akasema zote zikae nyumbani, maana yeye ndiye anayezipanga. Nikamkumbusha kwamba nyumba yao ndiyo iko bondeni. Hakunijibu.

Wifi ni mtu wa kimya, na mimi kimya cha mtu hakinipi raha. Mtu akinikasirikia naomba aniambie, tugombane, tuishe, tule. Huyu anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anaendelea kukunja nguo. Miaka yote hii sijajua kama ananipenda au ananivumilia.

Machi 16

Mzee wa Kiti amekuja. Ni mwalimu mkuu mstaafu, ana kiti cha kuegemea cha marehemu mkewe anachotaka kirudishwe kilivyokuwa, hata palipokuwa na doa la chai anataka nimwekee doa. Fremu imeoza mguu wa nyuma. Mdogo wangu amesema wiki mbili. Mzee akasema, "Wiki mbili za fundi au za kalenda?" Tukacheka wote watatu.

Machi 22

Leo sina utani.

Jana mdogo wangu alikwenda kliniki yake ya kawaida. Leo wamempigia simu arudi na ndugu. Nikafunga karakana, nikamfuata. Wifi alikuwa ameshafika kabla yetu, amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani.

Daktari wake wa figo tunamwita Taratibu, kwa sababu anaongea kana kwamba kila neno analitoa dukani kwa mkopo. Akafungua kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema namba ya figo, ile ya uchafu unaobaki kwenye damu, imepanda, na kwenye damu hiyohiyo wameona kirusi.

Nikamuuliza kirusi gani, cha mafua, cha ini, cha nini, na kimetoka wapi wakati mtu mwenyewe anavaa barakoa hata akipiga msasa. Akasema hiki hakitoki mbali. Watu wengi wanakipata utotoni, wanapiga chafya siku mbili, yanaisha. Kirusi hakiondoki lakini. Kinajificha ndani ya figo na kulala humo maisha yote, na mwenye nacho anazeeka na kufa bila kujua. Ila kwa mtu aliyepandikizwa, zile dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ndizo hizohizo zinazowalegeza askari wa mwili. Askari wakilegea, kirusi kinaamka na kuanza kuitafuna figo kilimolala.

Mdogo wangu akauliza dawa yake ni ipi.

"Dawa yake," akasema Taratibu, "ni kupunguza dawa."

Tukamtazama.

"Hatuna cha kukiua. Tunachoweza ni kuurudishia mwili nguvu kidogo, upigane wenyewe. Kwa hiyo kuanzia kesho utameza nusu ya ulichokuwa unameza. Nusu kamili, asubuhi na jioni. Tukipunguza sana, mwili utaikataa figo. Tusipopunguza, kirusi kitaimaliza."

Nikauliza swali ambalo sasa natamani ningelimeza. Nikauliza kama kirusi kilikuwa cha mdogo wangu au kilikuja na figo. Akasema haiwezekani kujua kwa hakika, lakini mara nyingi kinakuja na figo.

Mdogo wangu akaniwahi. "Dada, hata mafua yako umeona unipe?" Akacheka. Wifi hakucheka na mimi sikucheka. Daktari akashughulika na miwani yake. Tulirudi na mvua ikitupiga kwenye vioo njia nzima.

Machi 23

Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni, pale kwenye kovu la ubavuni. Nilikuwa nalionea fahari. Leo nimelifunika haraka.

Machi 24

"Umemeza?"

"Nimemeza, afande."

Amekuja mapema, amekunywa maji kikombe kizima, akashika randa.

Machi 29

Mvua kutwa. Mzee wa Kiti amekuja, nimemwambia mbao hazikauki. Amekaa kwenye stuli akitutazama tukifanya kazi mpaka mvua ikapungua. Nadhani nyumbani kwake pana upweke kuliko anavyosema.

Aprili 4

Nimekwenda kwa mdogo wangu kupeleka mapazia. Wifi ana birika dogo analochemshia majani fulani kila jioni. Anasema ni ya magoti yake. Nikamuuliza majani gani, akasema ya magoti. Mtu wa aina hiyo utamfanya nini.

Dawa amezipanga kwenye kijisanduku cha plastiki chenye vyumba, kila chumba na siku yake. Kazi nzuri, sikatai. Nikatafuta kosa sikulipata, nikaondoka nimeudhika.

Aprili 11

Kirusi kimeongezeka. Namba ya figo imeongezeka pia.

Lakini si hilo lililomfanya Taratibu aache utaratibu wake. Alisema kiwango cha dawa kwenye damu hakikushuka. Ni kilekile cha zamani, kama vile mtu hajapunguza chochote.

"Umepunguza kweli?"

"Nimepunguza, daktari."

Akamgeukia wifi. Wifi akasema anazigawa mwenyewe kwa mkono wake, nusu asubuhi na nusu jioni. Daktari akauliza kama kuna kitu kingine anachotumia. Dawa za fangasi, dawa za kifua, mitishamba, chai za majani. Baadhi ya vitu hivyo, akasema, vinaizuia dawa isitoke mwilini, inajaa hata kama mtu anameza kidogo.

Majani. Nikamkodolea wifi macho, akasema tu, "Hapana, hatumii." Taratibu akapunguza tena. Sasa ni robo ya dozi ya zamani.

Aprili 12

"Umemeza?" "Nimemeza, afande."

Sikulala vizuri. Nimekata kitambaa cha mteja kinyume cha maua. Mita nzima imekwenda na maji.

Aprili 15

Nimemchunguza mdogo wangu kama mteja mwenye shaka. Anakula anachokula siku zote. Amekunywa maji alipofika na amekunywa maji kabla ya kufunga. Nimemuuliza kama mkewe anampa chai yake. Akasema, "Dada, muache mke wangu." Hajawahi kuniambia hivyo tangu aoe.

Aprili 18

Barabara ya darajani imefungwa. Nilikuwa sahihi kuhusu bondeni, lakini nyumba yao haijaingia maji.

Aprili 26

Leo amekuja kazini na viatu havijafungwa. Nikamwambia afunge asije akajikwaa kwenye nyaya. Akasema haviingii. Miguu imevimba. Nikabonyeza juu ya kifundo, kidole changu kikaacha shimo, na shimo likakaa.

Nimempeleka hospitali kwa njia ya kuzunguka. Wameamua kukata kinyama kidogo cha figo kukipima. Alilala kifudifudi, hapana, nimekosea, hii mpya iko mbele, chini ya tumbo, alilala chali. Akaniambia nisitazame sindano. Nikamwambia ile figo ni yangu, nina haki ya kutazama. Nikatazama na nikajuta.

Aprili 27

Mvua. Majibu bado.

Aprili 28

Mvua. Majibu bado. Mzee wa Kiti amekuja, nimemjibu ovyo, ameondoka bila kuaga. Nitamwomba radhi.

Mei 3

Naandika hili kwa shida.

Asubuhi majibu yametoka. Kirusi kimeenea figo nzima, na makovu yameanza. Na kiwango cha dawa kwenye damu ni kilekile. Taratibu alikunja uso. Alisema, "Kuna mtu hapa ananidanganya, na sijui ni nani, lakini figo haijali ni nani." Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu. Mimi nikawa namtazama wifi.

Nilisubiri mdogo wangu aende kazini, nikaenda nyumbani kwao. Sikubisha hodi. Nikapita moja kwa moja jikoni, nikachukua lile birika, nikamwaga majani yote kwenye sinki. Wifi alitoka chumbani na mikono ina sabuni. Nikamwambia yote. Nilimwambia anamuua kwa majani yake. Nilimwambia mimi nilikatwa ubavu na yeye hakukatwa hata ukucha. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu sitaki yakae mahali popote.

Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Akanawa sabuni. Akafungua kabati, akaleta kijisanduku na pakiti za dawa, akaziweka mezani mbele yangu.

"Zihesabu, wifi."

Nikazihesabu. Hakuna kilichozidi wala kupungua. Hakuwa ameteleza hata siku moja.

"Nyumbani anameza ninachompa," akasema. "Chai yangu hajawahi kuigusa, hapendi harufu yake. Kutoka asubuhi mpaka jioni hayuko na mimi, wifi. Yuko na wewe."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nikajua ameshafikiri jambo hili kwa siku nyingi na hakupata wa kumwambia. Nani angemsikiliza, mimi?

Nikatoka. Nilipofika karakana mdogo wangu alikuwa nyuma, kwenye mbao. Nikapanda stuli, nikashusha kopo la vifungo. Lilikuwa jepesi. Nilipomimina mezani vikatoka vifungo, na karatasi tupu za vidonge, zimekunjwa vizuri, na vidonge vichache vilivyobaki. Nusu yote niliyoiweka akiba ya mafuriko ilikuwa karibu kuisha.

Akasikia vifungo vikianguka. Akaja akasimama mlangoni na randa mkononi.

Nikamuuliza kwa nini.

Akaweka randa chini. "Nilipotoka hospitali mwaka jana, ulinishika kola ukaniambia nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia akiruka kidonge hata kimoja nitaidai figo yangu anirudishie. Manesi walicheka.

"Nilikuwa natania."

"Najua. Lakini mwaka mzima daktari ameniambia nisipunguze, ukipunguza figo inakufa. Wewe umeniambia nisipunguze. Kwenye ukuta wa kliniki wameandika tusipunguze. Halafu siku moja mtu yuleyule anasema nipunguze. Dada, wewe ungemwamini yupi, wa mwaka mzima au wa siku moja?"

"Ungeniambia unaogopa."

"Kila asubuhi umeniuliza kama nimemeza. Hukuniuliza hata mara moja kama nimepunguza." Akakaa kwenye lundo la sponji. "Nyumbani nilimeza nusu, baadaye robo, mke wangu asipate wasiwasi. Nikija hapa namalizia. Nikikuambia nimemeza, nilikuwa nimemeza kweli. Sikukudanganya wewe."

Nikamwambia amejiua mwenyewe. Nikamwambia ni mjinga. Akakubali yote kwa kichwa.

"Ingekuwa figo yangu ningebahatisha," akasema. "Hii ilikuwa yako."

Nikapiga magoti nikaanza kuokota vifungo, yeye naye akashuka tukaokota pamoja, na vingine vilikuwa vimeingia chini ya cherehani hatukuvifikia.

Mei 4

Tumemwambia daktari ukweli. Hakupiga kelele. Alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Akasema wagonjwa wake wengi anawapigania wameze, huyu ni wa kwanza kumpigania asimeze, na alipaswa kulifikiria hilo. Robo ya dozi, kuanzia leo, na vidonge vyote viko kwa wifi.

Mei 5

Nilikwenda kumwomba wifi radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanikauka mlangoni. Nikasema, "Nimekukosea." Akasema, "Ingia, unalowa." Akanipa taulo. Tukakaa jikoni, akachemsha yale majani ya magoti, akanimiminia na mimi. Machungu vibaya sana. Nikayanywa yote.

Mei 9

Asubuhi akaingia. Nilifungua mdomo nikaufunga. Yeye naye alikuwa ameshanyanyua mkono kwa saluti, akaushusha akajikuna nao shingo. Tukaanza kazi hivyohivyo.

Mei 17

Kirusi kimeshuka. Taratibu alilitaja jambo hilo mara mbili ili tusikie. Mwili umeanza kupigana.

Nilimshika wifi mkono pale kwenye benchi. Nilitembea mpaka kituoni bila mwavuli na sikuona mvua. Nilikuwa na furaha ya kijinga, niandike ukweli, nilianza hata kupanga tutakavyomalizia kiti cha Mzee na kupaka rangi karakana mvua zikiisha.

Mei 20

Jua kidogo mchana. Nimeanika sponji nje.

Mei 25

Kirusi kimeshuka tena, karibu hakionekani. Namba ya figo haikushuka. Imepanda.

Nikamuuliza daktari inakuwaje adui ametoka na nyumba inazidi kubomoka. Akasema kirusi kimekula kilichokula, na mahali kilipopita pamekuwa kovu, na kovu halichuji damu. Akasema wiki zile za mwanzo ndizo zingeamua. Hakumtazama mdogo wangu aliposema hivyo, namshukuru kwa hilo.

Mdogo wangu akauliza kama imebaki muda gani. "Mpaka mwisho wa mvua," akasema Taratibu. "Labda kabla."

Mei 28

Anatapika asubuhi. Chakula anasema kina ladha ya chuma.

Juni 1

Nimemalizia kiti cha Mzee peke yangu. Mguu wa nyuma niliukata mimi, kwa sababu mdogo wangu hawezi tena kusukuma randa, anakaa kwenye stuli na kunielekeza. "Usiikandamize, dada. Iache mbao ikuambie." Niliikandamiza. Mguu umetoka mfupi kidogo, kiti kinayumba. Mzee alikikalia, kikayumba, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kiko sawa kabisa. Alipoondoka mdogo wangu alisema, "Huyo ndiye mteja wa mwisho wa fremu zangu, na umempa kiti kilevi." Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nikaenda nyuma, nikalia kwenye mbao.

Juni 2

Mvua. Mkojo umepungua sana, wifi anaupima kwenye jagi.

Juni 6

Wifi amemwambia daktari apimwe yeye, kama figo yake itafaa. Alisema mbele yetu, kwa ile sauti yake ndogo, kana kwamba anaomba chumvi. Nilikumbuka nilivyomwambia kuhusu ukucha, nikatamani ardhi inimeze.

Taratibu akasema kwanza kirusi kiishe kabisa kwenye damu, kisha wangoje muda mrefu, halafu ndipo wazungumze. Na kwamba hata hiyo figo nyingine inaweza kuamshiwa kirusi vilevile.

Mdogo wangu akasema hakuna haja ya kumpima. "Nimeshaua ya mmoja ninayempenda. Sichukui ya pili." Wifi akasema si yeye wa kuamua kuhusu mwili wa mtu mwingine. Akasema wa kwake ataamua mwenyewe. Wakatazamana hivyo. Kwa mara ya kwanza niliwaona ni mume na mke, na mimi ni mgeni wao.

Juni 9

Nimemuuliza daktari kama ile figo wataitoa. Akasema hapana, wanaiacha palepale, itasinyaa polepole. Nilitaka kumuuliza kama inauma. Nikaona ni swali la mtoto.

Juni 11

Nilimuota akiwa mdogo, anafunga kamba za viatu. Sitaki kuandika mengine.

Juni 13

Hakuamka vizuri. Anapumua kwa taabu, uso umevimba, anachanganya majina yetu. Wamemlaza. Wamemwekea mpira wa kupitishia damu shingoni.

Juni 14

Mvua imekatika tangu jana. Nimefunga karakana.

Juni 15

Leo wamemwanzishia mashine ya kusafisha damu. Ni chumba kirefu, vitanda pande mbili, na kila kitanda kina mashine yake kando. Wengi walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa anasoma gazeti lililokunjwa mara nne. Itakuwa mara tatu kila wiki, maisha yake yote, kazi asahau.

Akili yake imerudi. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, wifi anakisukuma, mimi nimebeba blanketi. Mlangoni palikuwa na nesi ambaye hatukuwahi kumwona, msichana mwenye sauti nzuri, anawauliza wagonjwa wapya maswali yake na kuandika.

Umri. Kazi. "Fundi wa fremu," akasema, na nesi akadhani ni fremu za picha, hakumsahihisha. Presha tangu lini. Kama ana mzio wa dawa.

"Umeshawahi kupandikizwa figo?"

"Ndiyo. Ya dada yangu."

Nesi aliendelea kuandika, hakunyanyua kichwa. "Dada yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na figo?"

Akafungua mdomo. Akageuza uso ukutani, na wifi akaacha kusukuma kiti. Nesi alisubiri na kalamu. Nikajua hatalitamka, hata tungekaa pale mpaka jioni, hatalitamka mbele yangu. Miezi yote hii alikuwa ananilinda na neno hilo. Basi nikamjibia.

"Imekufa," nikasema. "Mimi ndiye dada yake."

Nesi aliandika, akatuonyesha kitanda cha karibu na dirisha.